Ukingo wa Nishani

Bwana Douglas wa makumbusho alivaa glavu zake nyeupe kidole baada ya kidole, kama daktari anayejiandaa kumpasua mgonjwa aliyekwisha kumkatia tamaa, akaiokota nishani kutoka kwenye kitambaa cheusi na kuigeuza ubavu chini ya taa. Hakuutazama uso wa malkia. Hakulitazama lile sanamu la Misri, kichwa cha mtu na kiwiliwili cha simba, lililojilaza upande wa pili. Alichokitazama ni ukingo tu, ile njia nyembamba ya fedha ambayo mtu wa kawaida huipapasa bila kujua kwamba ameipapasa. Alipokwisha kuuzungusha mzunguko mzima, alishusha pumzi na kuirudisha nishani mahali pake.

"Imechezewa," alisema. "Pole sana, Bi Zuwena. Jina la asili limepigwa tupa, kisha mtu amechonga jingine juu yake."

Zuwena alikuwa amejifunga mtandio wake wa hariri wa sikukuu, ule asioutoa kabatini kwa upuuzi. Kikombe cha chai alichokaribishwa kilikuwa kimeanza kufanya utando. Lile neno asili lilimkaa kooni kama mwiba wa changu.

"Hilo lililochongwa ndilo jina lake," alijibu. "Feruzi bin Abdalla. Ni baba wa bibi yangu."

Bwana Douglas alitikisa kichwa kwa upole, na upole wake ndio uliokera zaidi, maana mtu mkali unaweza kumkabili, lakini mpole hukunyang'anya hata ugomvi. Alieleza kwamba enzi zile jeshi la majini la Kiingereza lilichonga jina la kila baharia kwenye ukingo wa nishani yake. Jina hilo hulinganishwa na orodha ya jeshi: yakilingana, mtu ametambulika, yasipolingana, nishani ni yatima. Kila siku huletewa nishani zilizosuguliwa na watu waliotaka kujitungia babu shujaa. Yeye hakusema kwamba familia ya Bi Zuwena imefanya hivyo, la hasha. Ila kwa desturi ya kazi yao kitu kilichofutwa ukingo hakishuhudii lolote. Wangeweza kukiweka kwenye maonyesho, lakini kibao kingesema: mwenyewe hajulikani.

"Isipokuwa," aliongeza, "kama nyumbani kuna anayelijua jina lililokuwapo mwanzo. Vibao vinakwenda kuchapwa wiki ijayo. Je, wewe unalijua?"

Lila, binti wa Zuwena, aliyekaa kando na mkoba magotini, alimgeukia mama yake. Ndiye aliyeona tangazo la makumbusho yakiwaomba watu wa pwani ya Afrika Mashariki walete vitu vya wazee wao, na ndiye aliyemshawishi mama mwezi mzima.

"Silijui," alisema Zuwena.

Alikuwa analijua kama anavyolijua kovu la goti lake.

*

Mwaka ule London nzima ilikuwa imeingiwa na wazimu wa kujipongeza. Ilikuwa imetimu miaka mia mbili tangu Waingereza walipopiga marufuku kusafirisha watumwa, na kila makumbusho yalikuwa na maonyesho yake, kila kanisa ibada yake. Zuwena alipoona mabango hayo ya kwanza mjini Barking, alimwambia Lila kwamba ni kama mtu aliyekuibia kuku miaka nenda miaka rudi, kisha siku moja akakualika karamuni kusherehekea siku aliyoacha kuiba, na ukifika unakuta kitoweo ni kuku. Lila alicheka, akamjibu kwa Kiingereza, kama ajibuvyo siku zote, kwamba ndiyo sababu hasa Feruzi anapaswa kuwamo. Akikosekana, karamu itakuwa ya mwizi peke yake.

Neno hilo ndilo lililomshinda Zuwena. Alikwenda kuitoa nishani katika kopo la kahawa ilimokaa tangu alipoingia nchi hii, msichana wa miaka ishirini, mwaka uliofuata mapinduzi ya Unguja, nguo zake zote zikiwa katika furushi moja na nishani mbili za bibi zikiwa zimeshonewa ndani ya mto. Moja ilikuwa nyota ya shaba ya Khedivi, mtawala wa Misri, isiyo na jina la mtu. Ya pili ndiyo hii ya fedha.

Na mwenyewe je, huyo Feruzi? Aliokotwa mtoto huko Nyasa, kwa kitendo ambacho lugha ya kistaarabu huita kuokotwa, akaswagwa mpaka Kilwa, akauzwa Unguja. Bwana wake, mwenye shamba la karafuu, alimpa jina la Feruzi na jina la baba. Alipopata misuli, bwana alimkodisha kupakia makaa ya mawe kwenye manowari za Kiingereza, na Waingereza walipoona anavyolimudu koleo, wakamwandikisha awe mchochea moto. Basi, ucheke au ulie: manowari ile kazi yake ilikuwa kuwinda majahazi ya watumwa, na ndani ya tumbo lake, mbele ya tanuri, alisimama mtumwa, na kila ujira ulipotoka bwana wake alikuwa gatini kuchukua fungu lake. Nahodha alijua. Kila mtu alijua. Ukweli nao una siku zake za mapumziko.

Alikwenda nao vita vya Misri. Bibi alisimulia kwamba baba yake hakuiona Misri, aliuona moto. Mizinga ilipolia juu, vumbi la makaa lilimdondokea kichwani, na hivyo ndivyo alivyojua kwamba vita vimeanza. Likisita kudondoka, vimekwisha. Kwa hilo akavishwa fedha na shaba. Alizunguka bahari mpaka akazisahau, akaungua mkono wa kulia kwa mvuke, akapata kikohozi ambacho hakikumwacha mpaka kaburini. Kisha ikaja asubuhi ile ya Agosti manowari zilipojipanga mbele ya mji wa Unguja na kulipiga kasri la sultani, vita vilivyokwisha kabla maharage hayajaiva. Feruzi alikuwa chini, akitia makaa. Mkewe alikuwa Ng'ambo, upande wa pili wa mji huo, mjamzito. Alipopanda juu kupata hewa aliona moshi ukitoka mjini kwake, akauliza kimetokea nini, na askari mmoja akamwambia wameshinda. Akauliza nani. Hakujibiwa. Mkataba wake ulipokwisha hakutia kidole tena. Kwa siku ile hakupewa nishani, na bibi alikuwa akisema ndiyo nishani pekee ambayo baba yake alishukuru kuikosa.

Sasa jina. Siku ya kuandikishwa, ofisa aliyeketi sitahani alimuuliza jina, akalisikia, akaona uvivu. Mbele ya Feruzi palikuwa na ndoo ya majivu. Ofisa akaandika Jack Bucket, yaani Jeki Ndoo, na wenziwe wakacheka mpaka wakashika mbavu. Ndiyo ilikuwa desturi yao kwa mabaharia weusi wa pwani, waliowaita masidi: mmoja Tumbaku, mwingine Kamba, mwingine Jumatatu. Lakini kicheko cha sitahani huisha na upepo. Hiki kilichongwa kwenye fedha, chini ya kidevu cha malkia, kwa herufi kubwa.

*

Feruzi alipokufa, maiti yake ilizuiwa mlangoni na mtani wake.

Utani wa Wanyasa na Wamanyema ulikuwa haujafa bado Ng'ambo katika siku hizo. Mzee Songoro, Mmanyema, aliyekuwa naye manowarini, alijitupa kizingitini kama ilivyo haki ya mtani, akadai kwamba jeneza halipiti mpaka alipwe. Watu wakatabasamu, maana msiba usio na mtani ni kama mchuzi usio na chumvi. Songoro akaingia ndani, akatoka na ile nishani kifuani, akawapigia wafiwa saluti ya kijeshi.

"Mnamzika nani hapa?" aliuliza. "Mnasema Feruzi. Mimi simjui Feruzi. Mwenye nishani hii ni Jeki Ndoo. Leteni ndoo tuizike."

Angekuwa peke yake na wenziwe wa zamani, kingekuwa kichekesho cha haki, kilichojaa mapenzi. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa Tumbaku. Lakini siku hiyo walikuwapo wakwe wa binti wa marehemu, watu wa Mji Mkongwe wenye kuhesabu nasaba kama wengine wanavyohesabu tasbihi, na wao pia walicheka, kicheko kisicho cha utani. Tangu siku hiyo, kila Bi Mwanakombo, binti wa Feruzi, alipokosana na wifi zake, alisikia ndoo ikigonga ndoo huko uani.

Alivumilia miaka. Kisha, mwaka alipotawazwa malkia mpya wa Uingereza, ikapita habari kwamba wazee waliotumikia serikali, au watoto wao, wajitokeze na nishani kwenye sherehe, na mkubwa wa Kiingereza atapita kuwasalimu mmoja mmoja na kuwataja. Bi Mwanakombo hakulala. Kwa macho ya moyo aliiona nishani mkononi mwa Mzungu yule, akauona mdomo wake ukifunguka mbele ya mji mzima. Asubuhi alimshika mkono mjukuu wake, Zuwena, wakaenda kwa sonara wa Kihindu ambaye akina mama wa mtaa walimwekea amana za dhahabu zao.

Zuwena alikuwa na miaka tisa. Alikumbuka kijana mwembamba, mwanafunzi wa kazi, aliyeibana nishani kwenye jiriwa iliyofungwa kitambaa. Alikumbuka tupa ikilia kama mbu mkubwa na vumbi la fedha likimiminika juu ya kipande cha ngozi. Kisha herufi za Kiarabu zikaota moja baada ya nyingine: Feruzi bin Abdalla. Bibi aliibusu nishani, akaivaa siku ya sherehe. Mkubwa wa Kiingereza alipita mbele yake akizungumza na mtu mwingine, na hakuitazama hata.

Na ndiyo hiyo sasa, kazi ya mapenzi ya bibi yake, inaitwa kuchezewa.

*

Hasira ya Zuwena ilikuwa na tabia ya basi la mwisho: haiji upesi, lakini ikija inabeba kila mtu. Alikuwa ameendesha mabasi ya mji huu tangu ujana mpaka nywele zikawa kijivu. Katika depo msimamizi wa kwanza alilitazama jina lake, akakunja uso, akasema wamwite Zoe, ni rahisi zaidi. Gurdial, Singasinga waliyeanza naye kazi, akawa Gary siku hiyohiyo. Walitaniana maisha yao yote kwa majina hayo. Gary, leo umekula nini. Zoe, mumeo Zebedayo hajambo, naye Zebedayo ni jina la kubuni tu. Walicheka kwa sababu usipocheka utampiga mtu. Alipostaafu alizawadiwa sahani ya fedha ya bandia yenye maandishi: Kwa Zoe wetu mpendwa. Aliitia msalani, iwe ya kuwekea sabuni.

Walitoka makumbusho wakaenda mpaka stesheni. Huko akatangaza kwamba hawaendi nyumbani, wanakwenda Rayners Lane, upande wa pili wa mji. Kijana aliyeshika tupa alikuwa hai bado, alikuwa na jina, Ranjan, na alikuwa mzee mwenziwe katika mji huuhuu. Kama Wazungu wanataka ushahidi wa jina, watapewa shahidi anayepumua.

Treni ilipokuwa imekwisha kutoka chini ya ardhi, na nyuma za nyumba zikianza kupita na nguo zao za kuanikwa, Lila aliuliza swali kwa sauti ya mtu anayegusa chuma akihofia umeme. Alikuwa amesoma kidogo, alisema. Kwamba mabwana wa Unguja waliwapa watumwa wao majina ya vito na ya bahati: Almasi, Marjani, Mabruki. Feruzi pia ni kito. Na Abdalla, huyo baba, ni nani?

"Ni jina la bwana wake," alisema Zuwena.

Basi, Lila aliuliza polepole, Bibi Mwanakombo alilifuta la nani, na akaliandika la nani?

Zuwena alimtazama mwanawe kama anayetazama kibao cha njia aliyoipita maisha yake yote bila kukisoma. Alitaka kumkaripia. Badala yake akaupapasa ukingo wa nishani kwa kidole.

*

Mzee Ranjan aliishi juu ya duka karibu na stesheni. Lilikuwa duka la vito. Sasa mwanawe aliuza vifuniko vya simu. Aliwapokea kwa sauti kubwa ya watu walioanza kuwa viziwi, akawaketisha, akamwambia Zuwena kwamba amenenepa na kwamba unene unamfaa, maana akiwa mwembamba alifanana na mshale wa saa. Zuwena akamjibu kwamba yeye Ranjan hajabadilika hata kidogo, alikuwa na sura ya kizee tangu akiwa kijana. Wakachekana vya kutosha. Ndipo nishani ikatolewa.

Mzee aliishika bila glavu. Aliupitisha ukucha wa gumba kwenye ukingo, akafumba macho.

"Kazi yangu hii," alisema. "Mkono ulikuwa mbichi. Tazama hii bin, imeinama kama mlevi."

Zuwena alimweleza shida. Akamtania pia, kwa kuwa ulimi ulikuwa na mazoea: masonara hawatupi vumbi, kwa hiyo Jeki Ndoo aliyeyuka na kuwa hereni ya mtu. Ranjan alikiri bila kucheka kwamba huenda ikawa hivyo. Kisha akasema atakwenda popote atakapoitwa. "Lakini nikienda n'tasema yote, Bi Zuwena. Na wewe huyajui yote. Bibi yako alikutuma ubuyu, wakumbuka?"

Alikumbuka. Vidole vyekundu, na kofi alilopigwa kwa kuvipangusa kwenye gauni.

"Alikutoa makusudi. Ulipotoka akaniinamia, akaniambia kwamba baba yake siku zake za mwisho aliacha kuitika Feruzi. Wakimwita, kimya. Akawa anajiita mwenyewe, jina la kwao, la utotoni, kama mtoto aliyepotea sokoni. Akaniambia niliandike hilo. Nikaishika kalamu ya kuchongea. Kabla sijagusa fedha, akanikamata mkono. Akasema, 'La, wacha. Wakilisoma hilo watasema sisi washenzi. Andika Feruzi bin Abdalla.'"

Chini, dukani, simu ya mtu ililia, ikanyamazishwa.

"Jina gani?" aliuliza Zuwena.

Ranjan aliinua macho, na Zuwena akaona kwamba mzee huyu amewahi kujiuliza swali hilo mara nyingi kuliko yeye.

"Lilikuwa fupi," alisema. "Jina la kumwitia mtu aliye ng'ambo ya mto. Hayo tu ndiyo niliyobaki nayo, dada yangu. Sauti yake imenitoka. Nilikuwa kijana, lilikuwa jina la mtu mwingine, na mchana ule tulikuwa na kazi nyingi."

Zuwena alitaka kumkasirikia. Aliitafuta hasira yake ilipozoea kukaa, akaikuta imehama. Haikuwa tena juu ya yule mpole mwenye glavu peke yake, wala ofisa mwenye ndoo, wala bwana wa karafuu. Ilikuwa imeingia nyumbani, ikaketi penye kiti cha bibi, na bibi alikuwa akimtazama. Bibi aliyempenda kuliko mama. Bibi aliyelishika jina la baba yake mkononi, zima, likiwa na joto, akaliachia lianguke kwa kuwaogopa wifi.

Wakarudi kwa treni ileile. Nyumbani, Zuwena alikwenda msalani, akaitoa sabuni kwenye sahani, akaisoma ile sahani kwa muda mrefu, akairudisha sabuni.

*

"Jack Bucket," alimwambia Bwana Douglas kabla hajaketi. "Andika. Ndilo mlilomchongea."

Alikuwa hajawahi kulitamka mbele ya mtu asiye wa damu yake. Alidhani litamuunguza ulimi. Lilitoka jepesi, kama kitu cha mtu mwingine kilichosahauliwa mfukoni.

Bwana Douglas aligonga vitufe vya kompyuta yake, akasubiri, akapekua, na uso wake ukang'aa kama wa mtoto aliyefunuliwa zawadi. Alikuwamo. Mchochea moto, Zanzibar, vita vya Misri, nishani na nyota. Alimpa Zuwena mkono, akampa na Lila, akawaambia kwamba hili ni jambo la nadra mno, kwamba Ranjan, ambaye Zuwena alikwisha kumtaja, atarekodiwa sauti, na kwamba nishani itapewa kabati lake peke yake. Akasahau kuvaa glavu.

Baada ya siku chache aliwaita tena kuwasomea kibao kabla hakijachapwa. Kilikuwa kibao kizuri, kimepigwa pasi kila upande. Feruzi bin Abdalla, baharia wa Zanzibar. Aliyekombolewa. Aliyetumikia kwa uaminifu. Zuwena alisubiri. Alipoona kwamba kimekwisha, aliuliza Ndoo iko wapi.

Bwana Douglas alikohoa. Wenzake walikaa kikao, alisema. Walihisi jina lile litawaumiza wageni, hasa wageni wenye asili ya Afrika. Wasingependa kuwadhalilisha kwa mara ya pili. Na kwa kuwa familia yenyewe ilikwisha kulifuta, waliona ni heshima kuufuata uamuzi wa familia.

Lila aliinama, akijua kinachokuja. Hakikuja kwa kelele. Zuwena aliinua mtandio uliokuwa umemteleza, akaufunga upya, taratibu, kama anayefunga mkanda wa usalama.

"Juma lile ulikuwa huwezi kumtambua mtu bila jina hilo," alisema. "Nishani ilikuwa yatima, mimi nikakaribia kuwa mwongo. Leo umelipata, limekuuma?"

"Bi Zuwena, nia yetu..."

"Ngoja, bwana, sijafika kituoni. Bibi yangu alilipiga tupa kwa sababu alidhani ni aibu yetu. Akaishi nayo, akafa nayo, na mimi nikairithi nikaitia kwenye kopo la kahawa. Kumbe haikuwa yetu hata siku moja. Mtu aliyeitwa Ndoo hana la kuona haya. Mwenye haya ni aliyeiona ndoo akakosa kumwona mtu. Miaka yote hiyo sisi ndio tuliokuwa tukiwafulia nguo zenu chafu, bila ujira. Na leo, siku nimekurudishia furushi lako mlangoni, unaniomba na tupa ya kulifutia?"

 Kikombe cha chai kilikuwa mbele yake tena, na safari hii alikinywa chote, kwa kuwa hakutaka kumwachia kitu.

Kisha akasema kibao kitakavyokuwa, na kwamba kisipokuwa hivyo nishani inarudi koponi.

*

Siku ya kufunguliwa maonyesho kulikuwa na hotuba, na katika hotuba hizo neno uhuru lilipita huku na huko kama sahani ya vitafunio. Zuwena hakuzisikiliza. Alisimama penye kabati la kioo mwisho wa ukumbi, Lila upande mmoja, Mzee Ranjan na fimbo yake upande wa pili. Nishani ilikuwa imesimamishwa kwa ubavu, si kwa uso wala kwa mgongo, na taa imeelekezwa kwenye ukingo, pale fedha ilipoliwa na tupa na herufi za Kiarabu zikapanda juu ya jeraha, ile bin ikiwa imeinama kama mlevi. Malkia alikuwa anautazama ukuta.

Kibao kilikuwa na mistari mitatu, kwa Kiswahili juu na Kiingereza chini. Jeshi la majini lilimwita Jack Bucket. Bwana aliyemnunua alimwita Feruzi. Na mstari wa tatu: Mama yake alimwita. Baada ya hapo palikuwa peupe, bila hata nukta.

Mwanamke mmoja mwenye glasi mkononi alisimama, akasoma, akamwambia mwenziwe kwamba aliyechapa alikosea, hakumalizia. Wakapita. Lila alifanya kama anayetaka kuwafuata awaeleze, na Zuwena akamshika mkono.

"Waache, mwanangu."

"Haya, mama," alisema Lila, kwa Kiswahili, na wote wawili wakaendelea kutazama mbele.

Mzee Ranjan alikuwa amesogea mpaka pua yake ikafanya ukungu juu ya kioo. Alikuwa amekaza macho, si kwenye nishani, bali kwenye ule weupe mwisho wa mstari wa tatu, na midomo yake ilikuwa ikicheza, ikifunguka kidogo na kufumba, ikijaribu umbo hili, ikiliacha, ikijaribu jingine. Nyuma yao watu walipiga makofi kwa jambo fulani. Zuwena hakugeuka. Alimkaribia mzee, akatega sikio, wala hakumharakisha.